JINO LA MASKINI HALIZIBWI, LINANG'OLEWA

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama kutoka Kasulu na Kibondo. Wengi mliniomba niyaandike, ili na wale waliokosa nauli ya kuja wayapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Najua wengine mmetoka Mabamba, wengine Kifura, wengine Makere, na kuna waliopakizana watatu kwenye bodaboda moja ili wafike. Kwa hiyo sitawapotezea muda.

Nimepewa mada ya afya. Mwenyekiti alidhani nitakuja na makaratasi ya bajeti ya wizara. Makaratasi ninayo, nitayafikia. Lakini nataka nianze na kitu kidogo kuliko bajeti. Nataka niongelee jino.

Mnacheka. Sawa, chekeni. Na mimi nacheka. Sasa angalieni hapa juu, kushoto, pembeni ya chonge. Mnaliona hilo pengo? Miaka mitatu nilikuwa nikicheka naziba mdomo kwa kanga. Leo nimeamua kuwaonyesha kwa sababu hilo pengo ni siasa, na nitawaeleza kwa nini.

Lilianza kama tundu dogo, kama punje ya ulezi. Nikinywa maji ya baridi, na mnajua maji ya asubuhi ya huku kwetu milimani yalivyo, jino linashtuka halafu linatulia. Nikaenda zahanati. Nesi akaniambia kwa upole, "Dada, hapa huduma ya meno hatuna, nenda hospitali." Hospitali maana yake nauli ya kwenda na kurudi, maana yake siku nzima bila kufungua genge, na hela ya tiba ambayo hakuna aliyeniambia ni kiasi gani. Nikafanya hesabu ambayo kila mmoja wenu anaijua. Nikasema, acha kwanza, maharage yakiuzwa nitakwenda.

Maharage yakauzwa. Ikaja ada ya mdogo wangu. Nikasema, mwezi ujao.

Kumbe huku nyuma nilikuwa naendelea kulipa. Kila wiki nilikuwa napita duka la dawa, nachukua diklofenaki, au "rangi mbili", za shilingi 1,000 hivi. Miezi minane! Nilikuja kupiga hesabu baadaye nikiwa nimekaa: ni zaidi ya shilingi 30,000. Jamani, shilingi 30,000 ndiyo iliyokuwa bei ya kadi ya CHF iliyoboreshwa tangu utaratibu ule ulipoanza 2018, kwa kaya nzima ya watu sita, kwa mwaka mzima. Mimi nilizimaliza kwenye vidonge vya kutuliza maumivu, na tundu bado lipo palepale linachimba.

Mwishowe shavu likavimba, nikaenda. Kituo sitakitaja, maana sikuja hapa kugombana na tabibu yule. Alikuwa mmoja, foleni ndefu, na alinihudumia kwa heshima. Aliniambia hivi: "Mdogo wangu, ungekuja mapema jino hili lilikuwa la kuziba. Lakini hata ungekuja mapema, vifaa vya kuzibia hapa sina. Kuziba ni mpaka Kigoma Mjini. Hapa naweza kukung'oa leo."

Kutoka Kibondo kwenda Kigoma Mjini ni zaidi ya kilometa 200. Nikang'oa.

Sasa wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa. Na kila mwaka tunaambiwa, "Wananchi, muwe na tabia ya kwenda hospitali mapema." Sawa. Mimi nauliza: mwananchi akienda mapema, huyo wa kumzibia ufa yuko wapi? Ukimwambia mtu awahi, halafu akiwahi anakuta koleo peke yake, hujamsaidia.

Ndiyo maana huku kwetu watu wana msemo kwamba jino likishauma dawa yake ni koleo. Wanaona sisi ni washamba, hatujui kutunza meno. Hapana. Watu wamejifunza kutokana na kile wanachokikuta. Kama miaka yote unakuta kung'oa tu, utaamini kwamba tiba ya jino ni kung'oa. Mwenye hela anazibwa, anasafishwa mzizi, anawekewa jino bandia. Maskini anang'olewa, halafu anaambiwa ni uzembe wake.

Naomba niseme na hili, nilikuwa sitaki kulisema. Mwaka 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, vijana wa kitongoji changu walinifuata wakaniambia, "Dada, gombea." Nilikataa. Niliwaambia nina majukumu ya familia. Ulikuwa uongo. Nilikuwa naona aibu kusimama mbele ya watu na kufungua mdomo. Nilijiuliza, nikipanda jukwaani nikasema "ndugu zangu", watu watasikiliza sera au watatazama pengo? Basi, nikakaa kimya. Sasa niambieni, ni vijana wangapi katika wilaya hizi mbili hawaendi kwenye usaili wa kazi, hawaimbi kwaya, hawasimami mkutanoni, kwa sababu ya mdomo wao? Mimi sijui idadi, lakini najua angalau mmoja, na ndiye anayeongea nanyi.

Na aibu ndiyo sehemu nyepesi. Jino linaweza kuua. Shemeji yangu alikuwa na gego limeoza, akawa anaweka maji ya betri kwa pamba, kama alivyoelekezwa na jamaa zake kijiweni. Ufizi ukaungua, usaha ukashuka chini ya kidevu. Ijumaa jioni alikuwa hawezi kufungua mdomo. Jumamosi akawa hawezi kumeza mate. Tulimbeba usiku. Aliponea hospitalini kwa kupasuliwa na kuwekewa dripu za dawa, na daktari alituambia wazi kwamba uvimbe ule ulikuwa unaelekea kuziba njia ya hewa. Mtu ana watoto wanne, anataka kufa kwa jino!

Kwa hiyo, kabla sijafika kwenye siasa, nawaombeni mkariri mambo machache. Haya ni ya kwenda nayo nyumbani leo.

La kwanza, dalili za hatari. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au unaopanda kuelekea jichoni, kushindwa kufungua mdomo, kushindwa kumeza, homa kali, kupumua kwa shida. Ukiona mojawapo, usingoje asubuhi wala usingoje gulio. Ni hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa kukopa bodaboda.

La pili, maji ya betri, mafuta ya taa, ugoro, aspirini ya kusaga na kubandika kwenye ufizi: acheni. Vinaunguza nyama, jino linabaki bovu. Na vidonge vya "rangi mbili" vya kununua viwili viwili haviondoi tundu. Vinaficha moto huku nyumba inaungua. Ukihitaji kutuliza maumivu njiani kwenda hospitali, muulize muuza dawa kipimo sahihi, na mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito.

La tatu, wakati mzuri wa kwenda ni pale jino linaposhtuka kwa baridi au kwa sukari halafu linatulia. Hapo mara nyingi bado linazibika. Likishaanza kuuma lenyewe usiku wa manane bila kuguswa, ujue kuna uwezekano limefika kwenye neva, na gharama inapanda. Daktari ndiye mwenye neno la mwisho, lakini wewe mpe nafasi.

La nne, kabla hujalipa, uliza. Tunaogopa kuuliza, tunadhani ni kukosa adabu. Uliza hivi: "Daktari, jino hili linazibika? Kuziba ni shilingi ngapi na kung'oa ni shilingi ngapi? Kadi yangu ya bima inagharamia nini kwenye meno? Kama hapa haiwezekani, ni wapi karibu panapowezekana?" Na piga simu kabla ya kupanda gari. Kasulu kuna hospitali ya Kabanga, ya kanisa. Buhigwe kuna Heri ya Wasabato. Kigoma Mjini kuna Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Tafuta namba, uliza daktari wa meno yupo siku gani, vifaa vipo au vimeisha. Nauli iliyopotea ni gharama ya tiba pia.

La tano, msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inawataja wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo kuwa kwenye makundi ya kupata huduma bila malipo katika vituo vya serikali. Na asiye na uwezo kabisa ana njia yake: barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, halafu anaonana na Afisa Ustawi wa Jamii hospitalini. Njia ina usumbufu, najua. Hapo ndipo kijana wa chama anapohitajika. Mzee wa jirani yako hawezi kuzunguka na barua. Wewe unaweza. Nenda naye.

La sita, tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Kwenye wiki hiyo sehemu nyingi nchini hufanyika uchunguzi wa bure. Ulizeni wilayani mapema, Februari, kama huku upo na utafanyika wapi. Usipoulizwa, usishangae ukaishia makao makuu ya mkoa.

Na la saba mnalijua: mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floridi, hasa kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao unafanya kazi ukiutumia vizuri. Mtoto asilale na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Hizi juisi za unga na soda za kila saa, punguzeni. Hiyo ndiyo tiba ya bei rahisi kuliko zote.

Basi. Hayo ni yetu sisi. Sasa tuje kwa wenye dhamana.

Najua watatujibu nini. Watasema, "Kuziba meno kunahitaji kiti cha kisasa, mashine, umeme, wataalamu. Wilaya ni changa, vumilieni." Miaka ya nyuma walisema umeme hakuna. Leo gridi imefika, na bado tunasubiri mashine. Lakini mimi nataka niwaambie jambo ambalo nilipolisoma nilisimama.

Kuna namna ya kuziba meno isiyohitaji umeme hata kidogo. Tabibu anatumia vifaa vya mkono kuondoa sehemu laini iliyooza, halafu anaziba kwa kizibio kinachoitwa glasi ayonoma, ambacho kinashika kwenye jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kwa tundu ambalo halijafika kwenye neva, inafaa. Ulimwenguni inajulikana kwa jina la ART. Mnajua ilianzia wapi? Ilianzia Tanzania! Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi anayeitwa Jo Frencken, akifanya kazi hapa nchini kwetu, aliianza kwa sababu alikuwa anakutana na watu wa vijijini kama sisi, mahali ambapo mashine hazifiki. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Na mwaka 2021 shirika hilohilo likaweka glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Yaani njia ya kuziba jino la maskini ilizaliwa kwetu, ikapanda ndege, ikazunguka dunia, na mimi Kibondo nikaambiwa vifaa havipo. Kwa hiyo ukweli ni kwamba siyo suala la teknolojia. Ni suala la nani anaandika mpango, na jino lako lipo mstari wa ngapi kwenye mpango huo.

Mwaka 2001 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Na sisi tulikuwemo. Bajeti zetu za karibuni hazijafika hapo. Lakini hela ya mashangingi haijawahi kukosa! Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Jino bovu linawakutanisha wote watatu kwenye mdomo mmoja.

Wengine watasema hakuna nchi inayoweza. Tuangalie Brazil. Mwaka 2004, chini ya Rais Lula, waliingiza tiba ya meno kwenye mfumo wa afya wa umma, wakapeleka madaktari wa meno kwenye timu za afya za mitaani. Mwaka 2023 wakaiwekea sheria ili atakayekuja asiifute kirahisi. Wana matatizo yao, siyo peponi. Ila waliamua kwamba mdomo ni sehemu ya mwili. Hilo tu.

Na sisi, Novemba 2023, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sisi tusishangilie jina, wala tusipinge kwa sababu imeletwa na wao. Tuulize swali moja: kwenye kitita cha mtu wa kawaida, meno yamo kwa kiwango gani? Kung'oa tu, au na kuziba? Kama ni kung'oa tu, basi kadi hiyo ni ruhusa ya kuwa kibogoyo.

Sasa kazi. Sikuja kuwaacha na hasira, hasira peke yake inaisha mkifika stendi.

Kila tawi lichague vijana wawili. Waende zahanati na kituo cha afya cha kata yao, kwa adabu, wajitambulishe, waulize mambo matatu: kuna mtaalamu wa kinywa na meno? Anafanya nini, kung'oa au na kuziba? Vifaa vya kuzibia viliisha lini? Waandike. Msimfokee nesi wala tabibu. Yule mtu yuko peke yake, hana vifaa, naye ni mwathirika kama wewe.

Pili, kila kituo kina Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wangapi hapa wanawajua wajumbe wa kamati ya kituo chao? Nyoosheni mikono. Mnaona? Wawili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ile ndiyo yenye sauti kwenye mpango wa matumizi. Nafasi zikitangazwa, ombeni.

Tatu, Halmashauri ina Mpango Kabambe wa Afya kila mwaka. Baraza la Madiwani linakaa kila baada ya miezi mitatu, na wananchi tunaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tujae. Tumpelekee diwani, awe wa chama chochote, karatasi yenye majibu ya zahanati zote za kata, na ombi moja lililo wazi: vifaa vya mkono na vizibio vya ART kwenye kila kituo chenye tabibu wa meno, na siku moja kwa mwezi tabibu huyo azungukie kata za mbali. Hatuombi hospitali ya ghorofa. Tunaomba ombi dogo ambalo wakilikataa watashindwa kulieleza.

Na kambi za madaktari bingwa zikija wilayani, twende, tuwapeleke wazee, tuseme asante. Lakini tusisahau kwamba kambi ya siku chache haizibi meno ya mwaka mzima.

Namalizia. Baada ya kikao kilichopita mama mmoja alinifuata akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani ni mimi tu." Naye hakuwa na meno manne ya mbele. Tulicheka wote wawili, midomo wazi, bila kanga. Nikajua kwamba hiki kitu tumekuwa tunakibeba kila mmoja peke yake, kama siri, wakati ni jambo la kupeleka kwenye baraza.

Kikao kijacho nataka kila tawi lije na karatasi yake. Na safari nyingine mkinifuata mkaniambia "Dada, gombea", sitawadanganya tena kuhusu majukumu ya familia.

Mabadiliko!